Linakaa, Lakini Halifungi

Jumatatu, 3 Machi

Majagi yameingia leo. Shemeji, mume wa Dada, aliposema ameagiza mzigo wa maana, nilidhani anatania. Maana yenyewe imejaa korido nzima, kutoka mlango wa sebule mpaka chooni. Ukitaka kupita ujigeuze ubavu na uvute tumbo. Chiriku, binti yao, ameshapanda juu ya maboksi na kujitangaza mwenye nyumba. Dada anafua huku anaimba. Mimi nazunguka tu. Nakaa, nainuka, nafungua friji, nafunga friji.

Kwa sababu vichwa ni vyangu. Shemeji anaagiza, anapiga picha, anafunga vifurushi na kuvipeleka. Mimi naandika vichwa vya matangazo kwenye soko la mtandaoni, yale maneno yanayokaa pamoja na picha. Watu wanaona ni kazi ya kuchezea simu. Waje waijaribu! Sisi hatuuzi vitu vya kampuni kubwa, tunauza vinavyoingia kwenye vitu vya kampuni kubwa. Chaja inayoingia kwenye simu fulani, rimoti ya televisheni fulani, wino wa printa fulani. Na sasa haya majagi ya blenda. Ni mazuri, kioo kizito, bei ya kibinadamu. Ila blenda ni ya Jina Kubwa na majagi si ya Jina Kubwa. (Humu nitaiita hivyo hivyo. Nimeliandika sana hilo jina kazini, silitaki tena kwenye daftari langu.)

Shida ni skrini ya simu. Kichwa kikiwa kirefu kinakatwa. Mnunuzi anaona maneno machache ya mwanzo, kisha nukta tatu, basi. Shemeji anataka tuandike: jagi la Jina Kubwa, jipya, imara, kioo kizito, linafaa. Yaani hilo "linafaa" liende likafie kwenye nukta! Mimi nalitaka mbele, mtu alione kabla hajaliona jina. Yeye ananiuliza uongo uko wapi, shemeji, si limeandikwa? Limeandikwa, ndiyo. Ukweli upo, ila umepangwa mwisho wa foleni na dirisha linafungwa kabla haujafika.

Akaniambia biashara matangazo. Nikamjibu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akacheka mpaka akakohoa. Kizuri kinajiuza sokoni, anasema, mahali mtu anapokishika kwa mkono. Kwenye simu kinachoshikwa ni kichwa.

Hakukasirika. Shemeji ndivyo alivyo, anabishana huku anacheka. Enzi za malori, alipokuwa dereva wa safari ndefu, hakuwa hivi. Alikuwa mgeni wa kuja na zawadi, kulala usingizi mzito na kuondoka. Chiriku alikuwa akimwita mjomba! Siku ya kwanza mtoto aliposema hivyo mbele yetu sote, Dada aligeukia ukutani na kujifanya anatafuta ufunguo. Sasa baba yuko nyumbani, anamsuka mtoto nywele upande upande, na Dada amenawiri. Akiba yote ya malori imo kwenye ile korido. Yasipouzika, Shemeji atarudi barabarani. Hakuna anayelisema, lakini kila ukipita kwa ubavu unalikumbuka.


Jumanne, 4 Machi

Nimelijaribu jagi kwenye blenda ya Dada kabla ya kuandika neno lolote. Mimi siandiki nisichokijaribu. Nikalikalisha, nikalizungusha kidogo — tak! Likashika. Tukasaga nanasi, halikumwagika hata tone. Chiriku alikunywa akapata masharubu.

Kisha mtihani wa Mama. Kila kichwa kigumu namsomea Mama kwa simu, namuuliza: ukiagiza hiki, utaletewa nini? Mama hajui mtandao na wala hataki kuujua, ndiyo maana anafaa. Nikamsomea kile cha Shemeji. Akasema ataletewa jagi la Jina Kubwa. Nikamwambia si lao, Mama. Akauliza: "Kama si lao, jina lao linafanya nini hapo mbele? Ni kama mtu anayeingia msibani akijitaja kwa ukoo wa marehemu ili apate kiti cha mbele!"

Nikamsomea changu: Linafaa blenda ya Jina Kubwa — jagi la kioo, si la kampuni. Akasema hapo ameelewa, ni jagi la mtu mwingine linalokaa kwenye mashine ya Jina Kubwa. Kisha akauliza kama nakula vizuri na kama nimemaliza ile dawa ya kifua.

Nikakiweka hewani. Shemeji amekisoma, akakuna kisogo, akasema haya, tuone.

Nimejisikia vizuri. Nimetembea mpaka dukani na kurudi bila kununua kitu.


Alhamisi, 6 Machi

Wanatazama, hawaagizi. Naona idadi ya waliotazama inapanda, upande wa oda kumekauka. Nimeufungua ukurasa huo mara nyingi leo mpaka kidole kimepata joto. Mguu wa kulia unatikisika wenyewe chini ya meza, na Dada ameniambia niache, naitetemesha chai ya watu.

Kuna muuzaji mwingine, sisi tunamwita Bwana Halisi. Ana jagi lile lile! Nimelikuza kwenye picha. Mpini ule ule, hata kile kijialama cha kiwandani karibu na mdomo ni kile kile. Kichwa chake: JAGI LA JINA KUBWA ORIJINO. Kwa herufi kubwa, bila haya. Bei yake ni kubwa kuliko yetu. Na anauza kama karanga.

Mchana nilikuwa chumbani, wao jikoni. Ukuta wetu ni kama khanga tu. Nikamsikia Shemeji akimwambia Dada kwamba mdogo wake anaandika vichwa kama anaungama dhambi. Dada akacheka. Nikasubiri anitetee. Akaomba chumvi.

Imeniuma. Nimeandika hapa ili isiniume tena kesho.


Ijumaa, 7 Machi

Oda moja. Ya chaja!

Bosi wa zamani wa Shemeji amepiga simu. Wana lori limekosa dereva, safari za mbali, za kwenda na kurudi, zimefuatana mpaka mwisho wa mwaka. Shemeji amemjibu atafikiria. Alitoka nje kuongea lakini sauti yake haijui kutoka nje. Dada alikuwa anakata kitunguu. Kitunguu kilikwisha katwa zamani, yeye akaendelea kukata.


Jumapili, 9 Machi

Majagi yanatoka!!

Yameanza jana jioni na leo hayakusimama. Simu inalia kama ina mashetani. Oda, oda, oda. Tumefunga vifurushi mpaka gundi ya karatasi imekwisha, Shemeji akakimbia kutafuta nyingine amevaa kandambili za Dada. Upande mmoja wa korido unaonekana ukuta tena. Nilikuwa nimesahau rangi yake. Shemeji amemwinua Chiriku juu ya mabega na kucheza naye hapo palipopatikana nafasi.

Na mimi! Jamani, nimejaa. Nimetembea humu ndani kifua mbele kama jogoo. Kumbe watu wanataka kuambiwa ukweli, walihitaji tu siku mbili tatu za kuuzoea. Nimempigia Mama. Akasema Mungu mkubwa, na yeye apelekewe basi jagi moja.

Dada peke yake kapoa. Amesema anaumwa kichwa.


Jumatatu, 10 Machi

Damu inanichemka mpaka sasa. Kalamu inatoboa karatasi.

Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya vifurushi. Mama mmoja nyuma yangu anachungulia boksi, anauliza ni nini, nikafungua simu nimwonyeshe tangazo letu. Kwa majivuno, ndiyo. Likafunguka: JAGI LA JINA KUBWA ORIJINO.

Letu! Duka letu, picha yetu, bei yetu. Yule mama akasema lo, bei nzuri kwa kitu orijino. Nikasema asante. Asante! Ulimi wenyewe ulisema.

Nilirudi nyumbani kama nimeambiwa kuna moto. Shemeji alikuwa anafagia vipande vya karatasi. Nikamsomea kwa sauti. Nikamwambia shemeji, ungeniambia usoni, ungenifukuza kazi, kuliko kunibadilishia maneno mgongoni. Akaniangalia amekodoa macho.

"Mimi? Shemeji, mimi nilidhani ni wewe! Nilikiona juzi nikasema moyoni, mwishowe kaelewa biashara."

Ningependa kuandika kwamba alikuwa anadanganya. Hakuwa anadanganya. Shemeji akidanganya anashika sikio.

Neno la siri la duka tunalijua watu watatu. Chiriku hajajua hata kuandika jina lake. Mimi nikajitoa, yeye akajitoa. Huko nje tukasikia mtu anakung'uta nguo kabla ya kuzianika. Shemeji akaendelea kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Nikachukua simu nirudishe kichwa changu. Akasema kwa sauti ya chini, shemeji, usirudishe leo. Kesho. Hizi za leo ziishe tu.

Nikasema kesho. Sijui kwa nini nilisema kesho. Nimekaa na hiyo "kesho" mdomoni mpaka chakula kimekosa ladha.


Jumatano, 12 Machi

Jana nilijiambia naandika kichwa kipya, nikasafisha jiko badala yake. Leo asubuhi yamekuja yenyewe.

Maoni ya kwanza, nyota moja. Mwanamke ameandika: "Linakaa, lakini halifungi." Ameweka na picha. Dari ya jikoni kwake ina papai.

Shemeji akasema huyo hajui kulizungusha. Baada ya chai yakaja ya pili. Kisha ya tatu, yenye picha ya shati. Maneno karibu yale yale: linakaa vizuri, unaona limeingia, unawasha, linaruka.

Nikatia jagi kwenye mfuko nikaenda kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme. Nikamwomba muuzaji anisaidie kulijaribu kwenye blenda ya Jina Kubwa iliyopo kwenye maonyesho. Alidhani nataka kuiba, kisha akaniruhusu huku ameshika kamba ya umeme. Nikalikalisha. Likakaa, limetulia. Nikalizungusha — kimya. Hakuna tak. Nikageuza mashine nikatazama kitako: meno matatu. Ya Dada ina manne! Muuzaji akasema zote mpya ni za meno matatu, wamebadilisha tangu juzi juzi, za zamani hata hawazioni tena.

Nilisimama pale na jagi langu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

Maana si "orijino" tu. Hata kile kichwa changu, kile cha kujivunia, kilichopita mtihani wa Mama! Linafaa blenda ya Jina Kubwa. Blenda gani? Ya Dada! Aliyopewa siku ya harusi! Nimetembea kifua mbele kwa ukweli nilioupima kwenye blenda moja ya jikoni kwetu. Mtu angenunua kwa maneno yangu safi na dari yake ingekuwa na papai vile vile. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Nimekibadilisha pale pale, nimesimama njiani, watu wananigonga mabega: Kwa blenda ya ZAMANI ya Jina Kubwa, meno manne tu. Si la kampuni. Halifungi mpya. Nikampigia Mama nikamsomea. Akasema sasa hata kipofu anajua ataletewa nini. Ila akauliza, na nani ana blenda ya zamani? Nikamwambia si wewe hapo? Akasema yake ilikufa, anatumia kinu.


Alhamisi, 13 Machi

Shemeji amekwenda mwenyewe kuyachukua majagi kwa watu. Nilimwambia watayarudisha kwa kifurushi, akakataa, akasema aliyemwagiwa papai asisumbuliwe tena na foleni. Anaondoka mikono mitupu, anarudi na maboksi. Hacheki. Anayapanga kwenye korido taratibu, pembe kwa pembe, na ule ukuta umepotea tena.

Nimeongea na Dada. Nilikuwa nimejipanga kuwa mkali. Nilimkuta chumbani kwao anakunja nguo, nikafunga mlango, nikamuuliza kwa nini.

Hakukana. Dada hajui kukana, hata utotoni alikuwa anachapwa kwa makosa yetu wote kwa sababu ya uso wake. Aliendelea kukunja. Akasema, "Mdogo wangu, wewe unaogopa kudanganya watu usiowajua. Mimi naogopa ile simu ya bosi wake. Unajua nilivyokuwa nikiisikia simu? Ikilia namba nisiyoijua, napiga moyo konde kabla sijapokea. Kila lori lililoanguka kwenye taarifa ya habari lilikuwa lake mpaka apige mwenyewe aseme yuko hai. Hukuwa hapa."

Sikuwa hapo, kweli. Nilikuwa kwa Mama.

Akasema aliona la Bwana Halisi linauzika, jagi ni lile lile, akajiambia neno moja tu, wiki mbili, yaishe, kisha mdogo wangu ataendelea na usafi wake. Hakujua habari ya meno. Alidhani anadanganya jina tu, jagi lenyewe litafanya kazi. Nikamwambia hata mimi sikujua. Akanitazama, akasema, "Basi na wewe umedanganya." Nikasema ndiyo. Tukacheka kidogo, cheko baya, lile la msibani. Kisha akalia, nami nikalia. Ninampenda huyu mtu na nimemkasirikia, vyote kwa pamoja, na havitaki kupeana zamu.

Aliniuliza: hayo ya meno manne tu, yataisha lini?

Nikamsaidia kukunja shuka.


Jumamosi, 15 Machi

Jagi moja limetoka kwa kichwa kipya! Mzee mmoja. Ameandika maoni kabla hata gundi haijakauka: amelitafuta jagi la meno manne mpaka akakata tamaa, blenda ilikuwa ya marehemu mkewe na hakutaka kuitupa, na sasa inafanya kazi. Nyota zote tano.

Nimeyasoma kwa sauti mezani. Shemeji akasema hilo ndilo jagi la kuuza. Akarudia mara mbili. Halafu mchana limetoka moja tena, la bibi harusi wa zamani kama Dada. Yanatoka. Moja moja. Kama maji ya bomba lenye kutu.

Bosi amepiga tena. Lori haliwezi kungoja, anataka jibu Jumanne.

Dada ametoa lile begi la safari juu ya kabati, amelianika juani. Amesema linanuka. Chiriku amejiingiza ndani yake na kufunga zipu, kichwa nje. Hakuna aliyecheka.


Jumapili, 16 Machi

Hakuna oda. Nimepanga kabati, nimepangua, nimepanga. Mvua inatishia, hainyeshi. Siwezi kukaa, siwezi kusimama.


Jumanne, 18 Machi

Naandika sasa hivi, mchana, kwa sababu mkono unataka kazi yoyote isiyokuwa ile ya kwenye simu.

Saa ile tunakunywa chai umeingia ujumbe wa duka. Mama mwenye migahawa ya juisi, si mmoja, migahawa. Anafungua mingine. Ameona tangazo letu la zile siku, aliligandisha kwenye simu, yeye anayo picha yenye ORIJINO. Anataka majagi yote tuliyo nayo. Yote! Analipa leo, analeta gari leo kuyachukua. Ana maswali mawili tu: ni ya kampuni yenyewe? Na yanafunga kwenye blenda mpya, maana zake zote ni mpya?

Korido nzima. Kwa neno moja. Na lenyewe ni fupi: ndiyo. Halina hata nafasi ya kukatwa na nukta.

Simu nilikuwa nayo mimi. Nikainuka nikaenda chumbani bila kusema, Dada akanifuata. Amesoma begani kwangu. Nikamsikia anapumua. Nikamwambia chukua, neno la siri unalo. Akaweka mikono nyuma kama mtoto anayeonyeshwa sufuria ya moto.

"Andika wewe. Mimi nikiandika nitaandika ninachokitaka."

Nimeandika. Hapana, mama. Si ya kampuni. Kwenye blenda mpya yanakaa, lakini hayafungi, yatakumwagia. Ukipata za zamani zenye meno manne, karibu sana. Nimeyasoma mara nyingi mpaka yamekosa maana. Kidole kipo juu ya kitufe. Nikimwona yule mama na wasichana wake wa kazi, jagi limeruka, dari, vioo — kinashuka. Nikimwona Chiriku kwenye begi, kinapanda.

Nikasema Dada, natuma. Akasema tuma. Halafu akanishika mkono. Akasema, "Ngoja. Mwache kwanza amalize chai yake."

Tumeuacha mlango wazi kidogo. Kutoka hapa namwona Shemeji mezani. Simu yake iko mbele yake, imelazwa kifudifudi, bosi anangoja. Chiriku yuko pajani kwake, anamhesabia vifungo vya shati na kuvikosea. Shemeji aliita mara moja tu, akauliza ni nani huyo aliyeandika, anataka nini. Hatukumjibu. Hakuuliza tena.

Dada amesimama nyuma ya mlango. Hatumi, hakatazi. Anamtazama mumewe anakunywa.

Kikombe kile kimekwisha. Nilikimimina mimi, najua kilikuwa na kiasi gani. Anakiinua mdomoni, anakirudisha kwenye sahani polepole, bila mlio. Sasa anakiinua tena.